Mwalimu na Ubeti wa Pili

Mwalimu hakuwahi kununua spika hata moja maishani mwake, lakini sidhani kama kuna muuza spika kati ya Migori na Mbita ambaye hakumjua. Popote palipotangazwa kwamba mitambo mipya ya sauti imefika na watu wanakaribishwa kuja kuisikiliza bure, yeye alitangulia kufika kabla hata wenye mitambo hawajamaliza kufungua maboksi. Alivaa koti lake la kijivu, lile la kufundishia, akachagua kiti cha katikati, akakisogeza mbele kidogo, akakirudisha nyuma kidogo, akakaa. Magotini aliweka kikapu cha mkonge kilichokuwa cha mkewe. Ndani ya kikapu mlikuwa na redio ndogo ya kaseti, waya wa kuunganishia, na kanda moja iliyofungwa kwa leso.

Muuzaji angeanza na yake. Angepiga ngoma, gitaa, nyimbo za injili za siku hizi zenye mdundo wa kutikisa vioo vya madirisha. Watu wangetikisa vichwa, wengine wangecheza. Mwalimu angengoja hadi makelele yaishe, kisha angeinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka, aseme kwa sauti ya chini, "Sasa naomba uniwekee yangu. Ubeti wa pili tu."

Wageni walidhani ni mzee mwenye kichaa kidogo. Sisi tuliomjua tulikaa kimya, kwa sababu tulijua anachokitafuta mle ndani ya ubeti wa pili.

Mimi aliniita Soprano, tangu nilipoimba katika kwaya yake ya kanisa kule Sori. Bado ananiita hivyo, ingawa sauti yenyewe iliniacha zamani, na mimi mwenyewe sasa ni mwalimu wa sekondari hapa Homa Bay mwenye watoto wakubwa. Kwake yeye watu walikuwa sauti zao. Seremala aliyekuwa jirani yake kule Sori aliitwa Besi. Chifu wetu wa zamani aliitwa Tena, yaani sauti ya tenor, hata mbele ya maofisa waliotoka mbali, na chifu aliitikia bila kinyongo. Mwalimu aliwahi kunikuta benki, nimepanga foleni na watu wa heshima, akapaza sauti kutoka mlangoni, "Soprano! Bado unapumulia mabegani?" Benki nzima ikageuka. Nilishusha mabega papo hapo, kama alivyotufunza tupumulie tumboni, na nikajichukia kwa kuyashusha.

Mkewe pekee ndiye ambaye Mwalimu hakumwita kwa sauti yake, Alto. Alimwita Nyar Rusinga, yaani binti wa kisiwa cha Rusinga, kama sisi sote tulivyomwita, maana kwetu mwanamke akiolewa huja na jina la alikotoka, na jina hilo hukaa naye mpaka mwisho.

Sifa aliitoa kwa shida sana. Kitu kizuri kabisa, kilichomgusa hadi ndani, alikiita "si mbaya." Ugali ulikuwa si mbaya. Mvua iliyokuja baada ya kiangazi kirefu ilikuwa si mbaya. Kwaya yetu ilipochukua nafasi ya kwanza wilayani, tukarudi Sori tumepanda lori huku tukipiga vigelegele, alitwambia tulikuwa si wabaya, na tulilia kwa furaha kwa sababu tulijua bei ya neno hilo. Nyar Rusinga alikuwa akimchokoza mbele yetu. "Mwalimu, samaki si mbaya, chai si mbaya, hata mimi mkeo si mbaya. Wewe Mungu akikufungulia mbingu utamwambia nini?" Mwalimu alikuwa akijibu bila kucheka kwamba itategemea kwaya atakayoikuta huko.

Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Darasani, watoto wake ndio walioadhibiwa kwanza ili watu wasiseme anawapendelea. Siku za kugawa mahindi ya shule, yeye alichukua mwisho, na mara nyingine alikuta gunia tupu. Alikuwa akiogopa upendeleo kama wengine wanavyoogopa nyoka. Mimi nilimpenda kwa hilo, lakini nyumbani kwake lilikuwa na gharama, na gharama kubwa kuliko zote aliilipa Nyar Rusinga.

Nilikuwepo siku kwaya yetu iliporekodiwa. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule tu, nimesimama safu ya mbele. Fundi wa kurekodi alikuwa amekuja kutoka Kisumu na mashine yake na kipaza sauti kimoja, akakisimamisha katikati ya kanisa letu la mabati. Kurekodiwa kulikuwa jambo kubwa. Wanawake walisuka nywele, wanaume walipiga viatu rangi, ingawa tuliambiwa kwamba kanda haioni viatu.

Nyar Rusinga alikuwa na sauti iliyojaza nyumba. Akiimba ulimsikia, hata akiwa kwenye shamba lake la mtama na wewe uko barabarani. Na watu walikuwa wameanza kunong'ona, kama watu wanavyonong'ona, kwamba ile haikuwa kwaya ya kanisa bali kwaya ya mke wa Mwalimu. Basi Mwalimu alipokuwa akitupanga, alimtazama mkewe aliyesimama karibu na kipaza sauti, akamwambia, "Nyar Rusinga, rudi nyuma."

Akarudi safu moja.

"Nyuma zaidi."

Akarudi mpaka nyuma ya akina Besi, karibu na mlango wa ubavuni, pale ambapo kuku walikuwa wakipita. Kanisa lote lilikuwa linamtazama. Yeye akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti ambayo fundi hakuhitaji kipaza sauti kuisikia, "Sawa, Mwalimu. Basi mimi nitaimba nikiwa huko kwetu Rusinga."

Tulicheka mpaka fundi akatuomba tunyamaze. Mwalimu naye alitabasamu. Kisha akainua mkono, tukaimba.

Nyar Rusinga alifariki miaka michache baadaye, ghafla, kwa presha ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Picha zake zilibaki: ya harusi, ya kitambulisho, ya mkutano wa akina mama. Sauti yake haikubaki popote. Hizo hazikuwa enzi za simu za kurekodi. Ilibaki ile kanda moja tu, na katika kanda hiyo yeye yuko nyuma ya akina Besi, mlangoni, mahali alipowekwa na mumewe mwenyewe.

Mwalimu alinieleza jambo hilo mara moja tu, tukiwa Migori, kwenye baraza la duka la redio. "Nilitaka watu wasiseme," alisema. "Na kweli hawakusema. Lakini sasa namtafuta, Soprano, na simpati. Nawasikia ninyi nyote. Nakusikia wewe ukipumulia mabegani. Yeye simsikii." Aliamini kwamba tatizo ni mitambo. Kama sauti yake ilifika kwenye kile kipaza, hata kidogo, basi imo kwenye kanda, na siku moja itapatikana spika yenye uwezo wa kuileta mbele. Ndiyo maana alizunguka, na ndiyo maana aliomba ubeti wa pili, ambamo alto hupanda juu ya sauti nyingine.

Duka hilo la Migori ni la Mwislamu mmoja mtu wa pwani, mrefu, mwenye kofia nyeupe na ucheshi mwingi. Kila Jumamosi hutoa spika mpya barazani na kuziwasha ili wapita njia wasimame. Mwalimu alipohamia Migori kwa mwanawe baada ya kustaafu, baraza hilo likawa kanisa lake la pili.

"Karibu, Mwalimu wangu," mwenye duka alikuwa akimwambia. "Leo nimeleta kitu, wallahi, ukikisikia utasahau jina lako."

"Jina langu watu walishasahau. Weka."

Akisikiliza, alikuwa anafumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja. Mkono wake wa kulia ulilala gotini, na kidole cha shahada kilihesabu. Ubeti ukiisha, ngumi yake ilijifunga, taratibu na kwa uhakika, kama alivyoifunga mbele yetu miaka yote ile kutukata sauti. Kisha angefumbua macho na kutoa hukumu. Spika moja nyekundu aliiambia kwamba inasema kwa nguvu lakini haina la kusema. Nyingine ilimfanya aone kwamba kwaya yake imetiwa ndani ya sufuria na kufunikwa. Kuna moja ya bei mbaya iliyokuwa na taa zinazobadilika rangi, akauliza kama taa hizo zinaweza kuzimwa, na alipoambiwa haziwezi, akahamisha kiti chake nje.

"Mwalimu utanifilisi," mwenye duka alilalamika. "Wateja wanakutazama uso wako badala ya kusikiliza spika zangu." Lakini alimwekea chai ya tangawizi kila Jumamosi. Na mwezi wa Ramadhani ulipofika, Mwalimu naye hakugusa kikombe pale barazani. Aliketi na rafiki yake mchana kutwa, koo kavu, wakibishana juu ya waya.

Mbita walikuja watu na lori, wanauza mitambo ya makanisa. Walipanga spika ndefu kuelekea ziwa, wakazifungulia. Watu wakaziba masikio. Mwalimu akasimama, akaanza kutembea kuziacha, polepole, akisimama kila baada ya muda kusikiliza, mpaka akafika karibu na kivuko. Huko akapunga mkono na kupaza sauti, "Hapa! Hapa ndipo inapendeza!" Yule muuzaji alidhani amesifiwa. Siku nzima alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwalimu wa muziki amethibitisha spika zake zinasikika vizuri hadi kwenye feri.

Hata Sori alirudi, kusikiliza redio za sola zilizokuwa zikionyeshwa sokoni kando ya turubai za omena, dagaa wa ziwa letu. Mama mmoja muuza omena akachoka kumtazama akiwa ameinama kwenye kile kijiredio. "Japuonj," akamwita kwa Kiluo, yaani mwalimu, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili na wale vijana wauzaji wasikie, "nunua omena, hiyo redio haitapikwa!" Mwalimu akanunua omena. Redio akaisema kwamba angalau inajua udogo wake.

Kulikuwa na sehemu moja kwenye ubeti huo iliyomuudhi kila mara, na hapa lazima nimzungumzie Besi.

Mwisho kabisa wa ubeti wa pili, pale Mwalimu alipofunga ngumi na kwaya nzima ikanyamaza, kulikuwa na sauti iliyobaki. Haikubaki sana. Ilikuwa kama mngurumo mdogo hivi, "mmm," kisha inapotea. Kwa redio zetu ilisikika nzito na ya ukungu, ikichanganyika na mchakacho wa kanda. Mwalimu aliichukia. Alitufundisha kwamba mwimbaji anayeendelea baada ya mkono kufungwa ni sawa na mtu anayeendelea kutafuna baada ya sala. "Kuna mtu hapo hanitazami," alikuwa akisema, na alikuwa na hakika kwamba mtu huyo ni Besi, yule seremala.

Besi alikana. Walibishana kwenye harusi, walibishana kwenye matanga, walibishana barabarani Besi akiwa amebeba mlango kichwani. Besi alipolazwa hospitali kwa ajili ya mguu, Mwalimu alisafiri kwenda kumwona na mkate na ndizi na maziwa, akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwombea vizuri sana, kisha akasema, "Sasa, ndugu yangu, tuko peke yetu. Kubali tu."

"Ooyo, Mwalimu," Besi akakataa kwa Kiluo. "Hata nikikufa leo nitakufa nikisema si mimi."

Besi hakufa. Alirudi kwenye randa yake, na ubishi ukaendelea pale ulipoachwa. Mimi nilikuwa upande wa Besi kwa sababu tu alinichekesha, lakini sikuwa na ushahidi.

Watu walijaribu kumsaidia. Mwanawe alimtafutia kijana mmoja wa saiba pale Migori, aliyeingiza kanda kwenye kompyuta na kuisafisha. Akaondoa ule mchakacho wote, akaondoa mwangwi wa mabati, akaondoa kila kilichokuwa nyuma. Kwaya ikatoka safi, imepanguswa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru yule kijana kwa adabu zote. Nje ndipo akaniambia kwa simu, "Amefagia nyumba, na mwenye nyumba akatoka na taka." Tangu siku hiyo kanda ile hakumwachia mtu mikononi.

Nisimfanye malaika. Alituhubiria subira, lakini foleni ya watu wawili ilimtoa jasho. Alilaani makelele, naye ibadani alikoroma mpaka kinanda kikapoteza mwendo. Alitufundisha kumtazama mkono bila kupepesa, ilhali yeye hakumtazama mtu akizungumza; macho yake yalikuwa darini, yakifuata kitu kingine. Nilimkasirikia mara nyingi. Nilimkasirikia zaidi kwa ile siku ya kurekodi, maana kadiri nilivyokua na kuolewa mimi mwenyewe, ndivyo nilivyozidi kuona uso wa Nyar Rusinga akirudi nyuma mbele ya watu. Alicheka, ndiyo. Lakini alirudi nyuma.

Kisha masikio yakaanza kufifia. Daktari alimwambia la kushoto halina la kufanyiwa, na la kulia linalifuata. Mwalimu alinipa habari hizo kama anayeeleza mambo ya soko. "Duka la kushoto limefungwa, Soprano. La kulia bado linauza, lakini kwa dirishani." Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Baada ya kukata simu nililia, kwa sababu nilielewa maana yake. Hata mtambo bora kuliko yote ungekuja, ungemkuta amechelewa.

Ndiyo maana nilipoona bango kwenye geti la hoteli moja hapa Homa Bay, kwamba wauzaji kutoka Nairobi na Kisumu wataonyesha mitambo ya sauti ya nyumbani na ya makanisa, sikungoja. Nilimpigia mwanawe. Asubuhi ya maonyesho Mwalimu akashuka stendi, koti la kijivu, kikapu cha mkonge. Alikuwa amepungua. Nilimsalimu mara mbili ndipo akanisikia.

"Soprano," akasema. "Bado unapumulia mabegani."

Kila muuzaji alikuwa na chumba chake. Cha kwanza kilikuwa na spika zilizonizidi urefu, na kijana mwenye fulana nyeusi aliyekuwa akimpigia kelele kila anayeingia. "Mzee, skia hiyo bass! Inaingia mpaka kwa kifua!"

"Kifua changu kina mambo yake," Mwalimu akamjibu, tukatoka.

Chumba cha pili walikuwa wamezungushia watu spika pande zote, hata juu, na kwenye televisheni helikopta ilikuwa ikipita. Mwalimu alitazama dari kwa wasiwasi. Mchungaji mmoja alikuwa akiuliza kama mitambo hiyo inaweza kufungwa kwenye hema. Dada mwenye saluni alitaka ndogo yake, isiyomzuia kusikia umbea wa wateja. Watu walikuwa wakifurahi, na mimi nilikuwa nikizidi kunyong'onyea. Mwalimu alikuwa anashika ukuta akitembea.

Chumba cha mwisho, karibu na jikoni, hakikuwa na watu. Mlikuwa na dada mwenye miwani, spika mbili za mbao, na amplifaya ya zamani yenye balbu za kioo zilizowaka rangi ya chungwa. Na kando yake, jambo ambalo sikulitegemea, mtambo wa kupiga kanda.

"Karibuni," yule dada akasema. "Hii watu hupita tu, wanasema ni ya museum."

Mwalimu alifungua leso. Yule dada aliipokea kanda kwa mikono miwili, akaitazama kwenye mwanga, na kabla ya kuiweka akachukua pamba na spiriti akasafisha mahali kanda inapopita. Mwalimu alimtazama akifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu na si dari. Kisha dada akasema, "Mzee, kaa hapa," na akakisogeza kiti mbele kidogo, akakirudisha nyuma kidogo.

"Ubeti wa pili," Mwalimu akasema.

Kwanza ukaja mchakacho wa kanda, laini, haukusumbua. Halafu chumba kikafunguka. Sina namna nyingine ya kusema. Nilisikia mabati yakilia kwa jua. Nilisikia benchi, mtu akikohoa, kuku nje. Kisha tukaanza kuimba, na nikajisikia mimi, msichana yule, nimesimama mbele na sauti yangu nyembamba.

Mwalimu alikuwa amefumba macho, sikio la kulia limeelekezwa mbele. Nilifuata uso wake. Katikati ya ubeti, pale alto inapopanda, alingoja. Hakuna. Akatikisa kichwa kidogo tu. Nami nikajua kwamba hatukuwa na mahali pengine pa kwenda, kwamba hii ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Ubeti ukafika mwisho. Ngumi yake gotini ikajifunga. Kwaya ikanyamaza.

Na sauti moja ikabaki.

Haikuwa ya Besi. Haikuwa ya mwanamume. Kwenye spika zile ukungu wote ulikuwa umeondoka, na ilikuwa sauti ya mwanamke, pana, iliyotulia, iko mbali kabisa nyuma karibu na mlango. Alishikilia noti peke yake baada ya sote kumaliza, bila haraka yoyote, akaiacha alipotaka kuiacha.

Mwalimu akafumbua macho. "Rudisha," akasema. Dada akarudisha. Ikaja tena. Mwalimu aligeuka upande wangu, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeamini sikio lake.

"Soprano. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Mimi sikio langu linanidanganya siku hizi. Niambie wewe. Nani huyo?"

Ilinibidi niiname nimsemee sikioni. "Ni Nyar Rusinga. Anaimba akiwa kwao Rusinga."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikimtafuta katikati yenu. Na yeye yuko hapo mwisho, na kila nikifika kwake namkasirikia. Namfungia mkono." Akatazama ile ngumi yake kama si yake. Kisha akasema, "Besi! Maskini Besi. Lazima niende Sori nimwombe msamaha," na hapo mimi na yeye tukaanza kucheka, tunacheka na kulia pamoja, hadi yule dada akatuletea karatasi za kufutia pua.

"Na mtambo, Mwalimu?" dada akauliza kwa woga. "Mnauonaje?"

"Si mbaya," Mwalimu akasema. Dada akaonekana kuvunjika moyo. Nilimshika mkono nikamwambia nitamweleza baadaye.

Mwalimu akaomba mara moja zaidi. Safari hii hakuketi. Alikabidhi kikapu kwangu, akafunga vifungo vya koti, akasimama mbele ya spika zile mbili kama alivyosimama mbele yetu kule Sori, akainua mkono. Nilijikuta nimenyooka, mabega chini. Tuliimba ubeti mzima, sisi wa kwenye kanda, wengine wetu wakiwa wameshakufa, na yeye alituongoza kila neno. Tulipofika mwisho na kwaya ikanyamaza, mkono wake haukujifunga. Aliuacha wazi pale juu, akimngoja, mpaka Nyar Rusinga alipomaliza mwenyewe.